Mzee, Mtutu Wako Unaniangalia

Miaka yote niliyopima miti katika mapori ya Tabora na Katavi, sijawahi kuelekezewa bunduki na jangili. Majangili niliwasikia tu, au nilikuta majivu ya moto wao na mifupa ya nyama waliyobanika usiku. Mitutu iliyonitazama usoni ilikuwa ya watu wa upande wangu. Askari tuliyepewa atulinde na tembo. Dereva aliyeombwa ashike bunduki kidogo wakati mwenyewe anajisaidia kichakani. Baba yangu mdogo. Shemeji yangu. Mlinzi wa benki ninakochukulia pensheni. Wote ni watu wema, hakuna hata mmoja aliyetaka kunidhuru, na hapo ndipo ugumu wa kuwaambia ulipokuwa. Adui unamkimbia bila kuomba radhi. Mzee aliyeacha familia yake ili akulinde wewe, utamwambiaje kwamba unamwogopa?

Wengi wetu tunaishi karibu na bunduki bila kuzimiliki. Mafunzo anapewa anayeishika, leseni inamhusu anayeimiliki, na anayekaa pembeni haambiwi chochote, hata kwamba anaruhusiwa kusema. Haya ninayoandika ni ya huyo wa pembeni.

Kidogo nilichojua kuhusu silaha nilikipata Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, kabla utaratibu wa kwenda kwa mujibu wa sheria haujasitishwa mwaka 1994. (Ulirudishwa 2013, na wanangu wameupitia, wanasema siku hizi ni laini, lakini hilo kila kizazi humwambia mwenzake.) Koplo aliyetufundisha SMG, ile bunduki ya kijeshi, alikuwa na masharti machache, na aliyarudia mpaka tukayaota. Kila bunduki ihesabu ina risasi, hata kama umeitoa mwenyewe sasa hivi. Mtutu usielekee kitu ambacho hutaki kukitoboa. Kidole kilale ubavuni mwa bunduki, kisiguse kifyatulio mpaka umeiona shabaha. Na ujue nyuma ya shabaha kuna nini. Miaka mingi baadaye nilikuja kusoma kwamba ndiyo yaleyale aliyoyapanga Mmarekani Jeff Cooper, yule aliyeanzisha shule ya shabaha Arizona mwaka 1976, na kwamba yanafundishwa sehemu nyingi duniani. Koplo wetu hakumtaja. Kwake ilikuwa amri, na aliyeivunja aliruka kichurachura kuuzunguka uwanja mzima.

Uzuri wa masharti hayo ni kwamba moja linaziba pengo la jingine. Ili mtu aumie, kwa kawaida lazima yavunjwe angalau mawili kwa wakati mmoja. Bunduki ikifyatuka huku mtutu umetazama udongo, mnapata kelele, shimo, na mzee mmoja mwenye aibu. Kwa mtu wa pembeni hapo ndipo pa kushikilia. Huwezi kujua kama kuna risasi ndani. Kidole cha mwenzako huwezi kukikamata. Lakini mtutu unauona kwa macho yako mawili. Ndiyo maana katika maisha yangu yote nimeuzungumzia mtutu tu, hayo mengine nikamwachia mwenye nayo.

Sasa porini. Tulitembea mstari mmoja: askari mbele na raifo yake kwa ajili ya tembo na nyati, nyuma yake mimi na dira, kisha vijana wenye kalipa ya kupimia unene wa miti na futi za kamba, na mwisho mwenyeji wetu kutoka kijijini, aliyejua jina la kila mti kuliko kitabu chochote nilichowahi kubeba. Asubuhi bunduki ilishikwa vizuri. Kufika saa nne jua limeshawaka, mkono wa mzee umechoka, na bunduki inahamia begani kama jembe la mtu anayetoka shamba: kitako mbele mkononi, mtutu nyuma, sawasawa na urefu wa uso wangu. Kila hatua ulicheza, mara jicho la kushoto, mara la kulia. Halafu mbung'o. Asiyewahi kung'atwa na mbung'o hawezi kuelewa jinsi mtu mzima anavyoweza kusahau kila kitu alichofundishwa na kujipiga kofi la shingo. Mzee alijipiga kofi, na bunduki ikaruka begani pamoja na kofi lenyewe.

Nimeona watu wakilijibu jambo hili kwa njia mbili ambazo hazikufaa kitu.

Ya kwanza ni kuhama kimya kimya. Unapunguza mwendo, unajifanya kufunga kamba ya kiatu, unamwacha mwenzako akupite. Unaona umeshapona, na kweli umepona. Ila mtutu umempata kijana wa kalipa, ambaye hajapita JKT na hajui kwa nini ghafla yeye ndiye wa pili katika mstari.

Ya pili ni ya msomi mmoja kijana tuliyekuwa naye msimu fulani. Huyu alipaza sauti mbele ya wabeba mizigo: "Afande, kwani wewe kubeba bunduki ulifundishwa wapi?" Alikuwa na haki kabisa. Lakini yule askari alikuwa na umri wa baba yake, na aliwahi kulala porini usiku mwingi kuliko siku ambazo yule kijana amevaa viatu. Hakujibu. Siku ile yote aliibeba vibaya zaidi, makusudi, na jioni kwenye moto akatuambia kwamba vijana wa chuo kikuu wanaogopa hata kivuli cha mti. Aliyepungukiwa na usalama ni nani? Sisi sote tuliolala kambi moja.

Mimi nilisimamisha msafara tunywe maji. Nikamsogelea mzee, tukiwa wawili tu.

"Mzee, mtutu wako unaniangalia."

"Ah, haina risasi chemba, mama."

"Najua, mzee wangu. Ila mimi mwoga. Nikiuona nashindwa hata kusoma dira."

Akacheka, akaigeuza. Baada ya kama saa nzima ikarudi palepale, nikamwambia tena maneno yaleyale kwa sauti ileile, akaigeuza tena. Siku ya pili alikuwa anaigeuza akisikia tu hatua zangu.

Hilo la "haina risasi" nilisemee kidogo, kwa sababu ndilo jibu utakalopewa kila mara, na mwenye kulisema mara nyingi anaamini anachosema. Usibishane nalo. Ukibisha, mwanamume ataona heshima yake imeguswa, ataishusha bunduki begani, ataifungua hapohapo kwenye kinjia katikati ya watu ili akuoneshe, na wakati huo wa kuoneshana ni wa hatari kuliko wote. Mkubalie. Sema najua, haina. Kisha rudia ombi lako kuhusu mtutu. Kukubali kwamba haina risasi hakukupunguzii kitu, kwa sababu hukuomba habari za risasi.

Na woga. Wahenga walishasema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na mimi kicheko nilikipokea kwa mikono miwili. Kuwa mwanamke kulinisaidia hapa, sitaki kuficha. Mwanamume akisema anaogopa bunduki porini atabeba jina hilo mpaka mwisho wa safari, pengine mpaka kustaafu. Mimi niliruhusiwa kuogopa, nikaitumia ruhusa hiyo kulinda na wale wasioruhusiwa. Vijana wangu walikuwa wakija pembeni kuninong'oneza: "Mama, hebu mwambie mzee, anakusikia wewe." Nilimwambia. Ukweli ni kwamba sikuwa naogopa zaidi yao.

Kilichofanya kazi kuliko maneno ya njiani, hata hivyo, ni mazungumzo ya kambini kabla hatujaondoka. Asubuhi, tunapogawana nani abebe maji, nani abebe sanduku la dawa, nilianza kumwomba askari atuelekeze. "Mzee, hapa kuna wageni. Tuambie tukae vipi na bunduki yako." Sikumwambia la kusema. Karibu kila askari niliyemwomba aliyajua yale masharti vizuri, pengine kuliko koplo wangu. Wengi walikuwa wamepitia mafunzo, na aliyefundishwa hasahau kabisa, huacha tu kufuata kwa sababu hakuna anayetazama. Alisimama, akakohoa, akatueleza: asiyekuwa yeye asiiguse, yeye akisimama ghafla wote tusimame, tukivuka gogo au mto anaishusha kwanza, na mtutu hauelekei mtu. Alisema mwenyewe, mbele ya watu wote, kwa sauti ya mwalimu. Mzee aliyefundisha hivyo saa moja asubuhi ni vigumu kuibeba kama jembe saa nne, na akisahau unamwambia tu, "Mzee, lile somo lako la asubuhi," naye anacheka.

Mmoja tu aliwahi kunipinga, na hoja yake ilikuwa ya kweli. Nilikuwa nimependekeza chemba, pale risasi inapokaa tayari kupigwa, iwe tupu tukiwa tunatembea. Akasema, "Mama, tembo hasubiri nikoki." Kwenye majani marefu, ukikutana na tembo jike mwenye mtoto, muda unaopata si wa kutafakari. Nikamwachia uamuzi huo kwa sababu kazi ile ni yake. Lakini tukaelewana kwamba kama risasi ipo chemba, basi mtutu ndio unazidi kuwa na masharti. Hilo hakulipinga.

Ndani ya gari ni hadithi nyingine kabisa. Land Cruiser, barabara ya makorongo, vioo vimefungwa kwa sababu ya mbung'o, nyuma kuna kopo la kinyesi cha tembo kinachofuka moshi wa kuwafukuza, kila mtu anatoka machozi, na askari ameketi kiti cha mbele na bunduki katikati ya magoti: kitako sakafuni, mtutu chini ya kidevu chake mwenyewe. Au ameilaza mapajani, mtutu unatazama mbavu za dereva. Kambi moja tuliyopakana nayo walikuwa na gari lenye tundu kwenye paa, limezibwa kwa kipande cha raba na gundi. Kila mgeni alisimuliwa tundu hilo kama kichekesho, jinsi gari liliporuka shimo na bunduki ikasema, na jinsi dereva alivyofikiri ni tairi. Nilicheka pamoja nao, si unajua mgeni hukaa vipi. Halafu nikahesabu kimoyomoyo ni sentimita ngapi kutoka tundu lile mpaka kilipokuwa kichwa cha mtu.

Katika gari linaloruka hakuna upande wa kuuelekeza mtutu ukasema hapa ni salama. Kwa hiyo kwenye gari, tofauti na kwenye kinjia, mimi sikuomba mtutu tu. Niliomba risasi zitoke kabla hatujapanda. Hatukuwa tunaongozana na tembo mle ndani. Askari anasogea hatua kadhaa kutoka kwa watu, mtutu unatazama udongo, anatoa magazini, kile kisanduku cha risasi, anakagua chemba, ndipo anapanda. Mimi sipandi mpaka hayo yamefanyika. Sikuwahi kutangaza hivyo. Nilisimama tu nje nikipekua begi langu mpaka amemaliza. Bosi asipopanda gari haliondoki, hata dereva apige honi.

Kwa SMG kuna alama ambayo hata asiyejua silaha anaweza kuiona kwa mbali. Upande wa kulia kuna wenzo mrefu wa chuma. Ukiwa juu, usalama umefungwa. Ukishuka nafasi ya kati, zinatoka mfululizo. Ukishuka chini kabisa, moja moja. Niliwafundisha vijana wangu kuutazama. Nikawaambia pia wasiutegemee, maana ni kipande cha chuma kinachoguswa na matawi na mikanda ya mabegi siku nzima.

Kuna chombo kingine ambacho sijui kama watu wa nchi nyingine wanacho. Mimi ni Mzaramo wa Kisarawe, na porini Tabora askari na wenyeji wengi walikuwa Wanyamwezi, watani wetu tangu enzi za misafara ya kwenda pwani. Mtani unamwambia lolote, hakasiriki, na akikasirika amejiaibisha. Mara moja mzee mmoja alikaa kwenye kisiki anakula muhogo, bunduki imelala kwenye goti, mtutu unalitazama tumbo langu. Nikamwambia kwa sauti, watu wote wasikie: "We Mnyamwezi! Babu zako walibeba meno ya tembo mpaka Bagamoyo, leo unataka wewe unibebe mimi maiti? Ukiniua hapa, kaburi utachimba wewe, na nauli ya kunifikisha Kisarawe utatoa wewe, maana mtani ndiye wa kuzika." Watu walianguka kicheko. Mzee akanijibu kwamba Mzaramo hata akifa atadai posho. Lakini alijibu huku anaugeuza mtutu. Maneno yaleyale yangetoka kwa mtu asiye mtani, jioni ile kungekuwa na kikao.

Nyumbani utani hausaidii, kwa sababu baba mdogo si mtani.

Yeye alikuwa na gobore la kulindia shamba, nguruwe na nyani wakivamia mihogo. Lilikaa nyuma ya mlango wa chumba chake, limeshindiliwa tayari, na likizo wajukuu walijaa nyumba ile kuliko kuku. Ukimwambia mwenye gobore "toa risasi" umeonesha tu kwamba hujui gobore. Halina magazini wala chemba ya kufungua. Baruti na vyuma vimeingizwa kwa mdomo wa mtutu na kushindiliwa kwa fimbo, na njia ya kawaida ya kuvitoa ni kupiga. Kupiga ni kupoteza baruti, nayo ni fedha. Ndiyo maana yanakaa yamejaa miezi. Nililifikiria jambo hilo safari nzima ya basi kabla sijamwambia.

"Baba, shikamoo. Nina ombi kuhusu gobore."

"Marahaba. Hulitaki ndani?"

"Nyumba ni yako, baba. Naomba fataki tu. Ikae mfukoni mwako, uiweke ukitoka nalo shambani."

Alinyamaza kidogo, kisha akaenda akaitoa. Bila fataki, kile kikofia kidogo kinachotoa cheche kikigongwa, nyundo inagonga chuma kitupu, na baruti mle ndani haina cha kuiwasha. Si salama kamili, lakini ni mbali sana na vile lilivyokuwa, na halikumgharimu kitu. Nadhani alikubali kwa sababu niliomba jambo dogo na nililijua vizuri. Ningemwambia alitoe ndani angenipa jibu la mzee kwa mtoto wa kaka yake, na mlango ungebaki na gobore lake. Jirani yake, ambaye lake halikuwa na kibali, alilisalimisha polisi wakati wa msamaha. Umoja wa Afrika mwaka 2017 uliutenga mwezi Septemba kuwa wa kusalimisha silaha haramu, na hapa kwetu polisi wamekuwa wakitangaza vipindi vya namna hiyo. Kwa mzee anayeona aibu kukutwa nalo, tarehe ya msamaha ni mlango mzuri wa kutokea. Aliyetaka kumsaidia mzee wake amkumbushe tarehe tu, asimhutubie.

Shemeji yangu ni mtu wa mjini, ana duka la vifaa vya ujenzi na bastola ya leseni halali. Sikukuu moja ya Idi, tumeshakula pilau, wanaume wamelegea kwenye makochi, akaitoa kiunoni kumwonesha mgeni. Ikaanza kuzunguka mkono kwa mkono. Akatoa magazini, akaiweka mezani, akasema, "Sasa ni chuma tu."

Hapo ndipo watu wengi wanapodanganyika. Magazini ikitoka, risasi iliyokwisha kupanda chemba inabaki palepale, na bastola nyingi zitaipiga bila magazini. Na kuna wanaofanya kinyume: wanavuta kwanza sehemu ya juu, risasi ya chemba inaruka nje, wanaifurahia, kumbe magazini imepandisha nyingine, wakitoa magazini baadaye wanaamini wamemaliza. Kwanza magazini, ndipo chemba, kisha unatazama ndani kwa macho. Huo ndio mpangilio, na sikuuona ukifanyika mezani pale.

Sikuanza na shemeji. Nilianza na watoto. "Wote nje, tikiti limekatwa!" Tikiti lilikuwa bado zima jikoni, dada yangu akanielewa kwa jicho akaenda kulikata. Sebule ilipobaki na watu wazima ndipo nikasema: "Shem, bastola nzuri, hongera. Lakini leseni ina jina lako peke yako, hawa wengine wanaishikaje? Njoo nikupe kabati lenye ufunguo, ukiondoka utaichukua." Kwa shemeji unaweza kuchanganya utani na ukali bila kuonesha mpaka uko wapi. Aliinuka. Mgeni wake ndiye aliyeonekana kushukuru kuliko wote. Alikuwa ameishika kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa watu.

Jioni ile shem alitaka kupiga moja hewani kushangilia. "Inaelekea juu, haielekei mtu." Nikamuuliza, ikishatoka juu inakwenda kuishi wapi? Tulikuwa Dar es Salaam, mji ambao kila mtu anamkumbuka yule mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji aliyeuawa kwa risasi akiwa ndani ya daladala Kinondoni, Februari 2018, polisi walipokuwa wakiwatawanya wafuasi wa CHADEMA. Kiamaiko, Nairobi, Machi 2020, mvulana wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa amesimama kwenye baraza ya ghorofa ya nyumbani kwao, polisi wakisimamia marufuku ya kutembea usiku. Risasi haijui ilikusudiwa nani. Sikumwambia yote hayo, nilitaja daladala tu, akanyamaza, na fataki za kawaida za dukani zikatosha.

Mlinzi wa benki hana undugu na mimi, na hapo ilinichukua muda kupata njia. Kijana wa kampuni ya ulinzi, kiti cha plastiki, shotgun mapajani, mtutu kwenye foleni ya mashine ya fedha, usawa wa magoti yetu. Nilimsalimu, nikamwambia, "Mwanangu, mtutu huo umetukalia." Akaomba samahani, akaugeuza kwa adabu kabisa. Mwezi uliofuata ulikuwa palepale. Tatizo halikuwa yeye. Kiti kilikuwa kimewekwa namna ambayo mtu wa mkono wa kulia, akichoka, bunduki lazima ilalie foleni. Na mtu anayekaa lindo kutwa nzima atachoka. Niliingia kwa meneja, sikumtaja kijana, nikasema kiti kigeuzwe kitazame ukutani upande wa maua. Kiligeuzwa siku ileile. Ningemtaja, angefukuzwa, na mwenzake angeletwa akakalie kiti kilekile.

Lakini kuna siku nilimtaja mtu. Askari mmoja alirudi kambini usiku amelewa, SMG mkononi, anatania vijana kwa kuwaelekezea na kusema "pa!" Hapo hakuna mama mwoga, hakuna utani wala chai. Niliwaambia vijana wote wajikinge kwa gari, upande wa injini, nikamwacha aimbe mpaka alipolala, mwenyeji wetu akaisogeza ile bunduki kwa utaratibu, na alfajiri tukaondoka. Kazi ilisimama mpaka tulipopewa mtu mwingine. Aliondolewa, akakosa posho ya msimu mzima, na kuna waliokuja kuniambia nimemkatia mtu riziki, ana watoto. Nilijua ana watoto. Vijana wa kalipa nao walikuwa na wao.

Mkubwa wake aliniomba maelezo kwa maandishi. Sikuandika kwamba ni mlevi, wala kwamba ni mtu mbaya, kwa sababu mchana alikuwa askari hodari na mambo hayo yangeanzisha ubishi wa tabia za mtu. Niliandika saa, mahali, nani alikuwa amekaa wapi, mtutu ulielekea kwa nani, na kidole kilikuwa wapi. Karatasi moja. Askari mpya alifika baada ya juma moja. Nikampokea, nikampa chai, na kesho yake asubuhi nikamwomba asimame atuelekeze.